Mwendo wa Mlevi

Wema, Tana Delta
6 Aprili 2025

Wifi yangu Maurine,

Hujambo huko kwenye baridi? Sisi wa huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mama mkwe anakusalimu na anauliza kama huko Eldoret kuna mtu wa kukupikia, maana kwa anavyokujua yeye, sufuria ukiigusa tu inaungua. Hayo ni maneno yake, mimi nayafikisha. Mildred amemaliza shule na yuko nyumbani ananisaidia shamba. Binti yetu amerefuka, amechukua shingo yako, na nasikia kuna nyumba moja ya Kilelengwani inayomtazama kwa ajili ya kijana wao. Wadogo zake hawajambo. Mto umeanza kupanda. Lile shamba la bondeni tumekwisha kulilima, tunangoja maji yaingie tupandikize mpunga.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu ya nyumba hii inakaa mfukoni mwa kaka yako, na ninayotaka kukuambia sitaki ayasikie. Nimempa jirani yetu Kadenge barua hii aitie posta akifika Garsen.

Wifi, Elvis anaanguka. Ilianza mwaka jana nikadhani ni uchovu wa mavuno. Anatembea ametanua miguu kama mtu aliye kwenye utelezi, na ardhi ni kavu. Akiinua kikombe cha uji, nusu inafika mdomoni, nusu kifuani. Maneno nayo yamemwia mazito, anayaburuta. Akigeuka haraka kumwita mtoto, chini. Na watu wetu unawajua. Mtu akiyumba na kuburuta maneno, jina lake ni moja tu. Wazee wa kanisa walimwita wakamuuliza ameanza lini kunywa mnazi. Akasema hajawahi kuuonja. Wakatazamana. Sasa ametengwa na Meza ya Bwana, amevuliwa kazi yake ya kuongoza kwaya, na Jumapili anakaa benchi la nyuma kabisa pamoja na wageni.

Galgalo, yule Muorma anayetuletea maziwa, alikwenda mwenyewe kwa wazee kumtetea. "Mimi nakaa na huyu kila siku," akawaambia. "Huyu hapana kunywa pombe." Wakamjibu kwamba mtu asiyeonja pombe atamjuaje mlevi. Ningecheka kama si mume wangu.

Sikufichi, hata mimi nilimnusa, na si mara moja. Sikusikia kitu.

Wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka, kwamba baba yenu naye alikufa mtoni akiwa amelewa. Mimi niliolewa yeye amekwisha kuzikwa, sikumwona akitembea. Wewe ulimwona. Alikuwaje? Na wewe ndiye unayesomea mambo ya mwili kusimama na kuanguka. Mama mkwe huwatangazia watu kisimani kwamba binti yake anawapima wazee ili wasianguke. Basi mpime na huyu wa kwenu. Niambie ana nini, na niambie atapona lini.

Ni mimi wifi yako, msumbufu kama kawaida,
Gladys


Eldoret
11 Mei 2025

Wifi Gladys,

Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye niliyechelewa. Mwambie mama napika mwenyewe na sufuria zangu zina afya. Mpe Mildred hongera, lakini mwambie asiwe na haraka na watu wa Kilelengwani. Huku mvua inanyesha kila alasiri na nguo hazikauki.

Habari za kaka nimezisoma, nikazikunja, nikazisoma tena. Ngoja nikueleze tunachofanya hapa chuoni, labda itasaidia. Tuna ubao wa chuma uliounganishwa na kompyuta. Mtu anapanda, anasimama wima, nao unachora jinsi mwili wake unavyoyumba. Maana hakuna anayesimama tuli, wifi. Hata wewe ukisimama kanisani ukiimba, mwili unaenda mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo, ila huoni kwa sababu unajirekebisha kabla hujajua. Macho yanasaidia. Sikio la ndani linasaidia. Nyayo nazo zinatoa habari ya ardhi ilivyo. Kisha nyuma ya kichwa kuna sehemu ndogo ya ubongo inayopokea habari zote hizo na kuiamuru misuli, huyu akaze, yule alegee. Sisi tunawafumba wazee macho, tunawasimamisha juu ya godoro, tuone mtu akinyang'anywa msaada mmoja anakimbilia upi.

Nahofia shida ya kaka iko kwenye hiyo sehemu ya nyuma ya kichwa. Mwambie anyooshe kidole aguse pua yake, kisha aguse kidole chako. Tazama kinafanya nini kikikaribia. Kisha aanze mazoezi. Asimame akishika mgongo wa kiti, miguu karibu, aachie mkono mmoja, halafu wa pili. Akizoea, asimame juu ya kitu laini kinachobonyea, mwili ujifunze kujitafuta. Wewe kaa nyuma yake kila mara. Akitaka kugeuka, ageuke polepole kwa hatua ndogo. Na mumpeleke hospitali waombe aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu, najua ni mbali.

Kuhusu baba tutazungumza siku nyingine. Wazee wa kanisa msiwaambie neno kwanza. Na hata kama simu ikipatikana, usinipigie, endelea kuandika. Baridi ya huku imeniharibu koo.

Wako,
Maurine


Wema
22 Juni 2025

Wifi yangu wa ubao wa chuma,

Salamu kutoka kwenye tope! Mama mkwe anasema kwa koo uchemshe tangawizi, na kwamba mtu wa mtoni akipanda milimani lazima mwili ushangae. Wadogo zake Mildred walipata homa wakapona. Mto uliingia vizuri mwaka huu, haukutufukuza nyumbani na haukutunyima. Tumepandikiza mpunga wote.

Kile kidole tulikijaribu. Kilipokaribia changu kilianza kucheza, kikaniingia jichoni. Tulicheka sana, yeye na mimi, kisha tukaacha kucheka.

Sasa sikia habari njema. Ulisema asimame juu ya kitu laini kinachobonyea. Godoro letu limebonyea tangu zamani, ukilipanda unasimama sakafuni. Elvis akawaza mwenyewe: kitu laini si tope? Tukashuka bondeni, nikamshika akaingia shambani, tope likamfika nusu ya muundi. Nikaachia mkono mmoja. Nikaachia wa pili. Wifi, alisimama! Alisimama wima kama mwanamume wangu wa zamani, hayumbi, akanitazama akaanza kulia. Tangu siku hiyo tunashuka pamoja kila asubuhi. Alipandikiza miche mistari mizima akiwa ameinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, haanguki. Ameanza kuimba tena, zile nyimbo za kwaya walizomnyang'anya. Watu wakipita kwenye tuta wanasimama kumtazama. Juzi Mzee Pekeshe, kiongozi wa wazee wa kanisa, alisimama pale kitambo kirefu, mikono nyuma.

Akitoka kwenye tope bado anataka bega langu mpaka nyumbani. Tunajiambia hayo nayo yatakuja.

Elvis amekwenda kwa Mchungaji kuomba arudishwe. Amekubaliwa. Itakuwa Jumapili ya mwisho ya Agosti, ataitwa jina, atatoka benchi la nyuma atembee mpaka mbele apokelewe. Anaihesabia ile Jumapili kama mtoto anayengoja nguo ya Krismasi. Wewe msomi niambie neno moja tu. Ndiyo anapona?

Gladys, mke wa Elvis anayesimama


Eldoret
20 Julai 2025

Wifi Gladys,

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Mwambie kaka nimemwona kwa macho ya moyo, amesimama kwenye mpunga anaimba. Endeleeni. Kila mwili una njia yake ya kujifunza.

Sitaandika mengi. Kazi imetubana, ule ubao wetu ulileta matatizo tukamngoja fundi kutoka Nairobi, na profesa anataka matokeo. Tangawizi nimechemsha. Msalimie mama, na umwambie Mildred kwamba shangazi yake anamkumbuka.

Maurine


Wema
31 Agosti 2025

Maurine,

Mama hajambo. Watoto hawajambo. Mpunga umeanza kukomaa na ndege wanatusumbua.

Leo ilikuwa Jumapili yake. Nilimnyooshea shati jeupe tangu jana. Mchungaji alimwita jina, Elvis akainuka kutoka nyuma akaanza kuja. Alikuja vizuri, wifi. Vizuri kabisa, mpaka wanawake wakapiga vigelegele. Nadhani ni mimi peke yangu niliyeutazama mkono wake wa kushoto. Kidole kilikuwa kinagusa kichwa cha benchi, kinaachia, kinagusa cha benchi la mbele yake. Kisha mabenchi yakaisha. Unaijua ile nafasi tupu kabla ya Meza, pale maharusi husimama. Hakuna cha kugusa pale. Akasita. Akanitafuta kwa macho. Nilitaka kuinuka na sikuinuka, kwa sababu nilijua nikimshika watasema mke anambeba mlevi wake.

Akaingia pale patupu. Mguu mmoja ukaenda kwake na wa pili ukaenda kwake. Mikono ikaipata Meza, na Meza ikaja naye. Mkate, kikombe, kitambaa cheupe, vyote juu yake. Mzee Pekeshe akapiga magoti kando yake, nikamshukuru Mungu kwamba anamwinua. Alikuwa anamnusa mdomo. Mbele ya watoto wake, mbele ya mama yake mzazi. Akainua kichwa akasema kwa sauti, "Ananuka."

Bila shaka ananuka! Amemwagikiwa na divai ya Bwana, atanuka nini, waridi?

Tulimwinua mimi na Mildred. Njia nzima Mildred hakumtazama baba yake. Nikiandika sasa yuko kwenye ngazi ya mlango, na lile shati bado hajalivua.

Wifi, sikuombi kitu kingine katika dunia hii. Mpigie Mchungaji simu. Mwambie wewe ni mtafiti wa mambo haya, mwambie huu ni ugonjwa una jina lake na mume wangu si mlevi. Wewe watakusikiliza. Galgalo hawakumsikiliza kwa kuwa ni Mwislamu, mimi hawanisikilizi kwa kuwa ni mke. Wewe watakusikiliza. Mpigie kesho.

Gladys


Wema
5 Oktoba 2025

Maurine,

Hujapiga. Nilimuuliza Mchungaji, akasema hana habari na wewe. Nimekupigia mimi mwenyewe kwa simu ya Kadenge, ikaita mpaka ikachoka. Mara moja ulipokea, ukasema "halo" ukakata. Elvis alikuwa kando yangu. Alikusikia.

Tumevuna. Shamba linakauka. Tope likipasuka hasimami tena hata pale. Asubuhi nateka maji mtoni namwaga mahali pamoja nyuma ya nyumba, nakoroga kwa jembe, ili apate pa kusimama. Majirani wananiona. Wanadhani nafinyanga.

Sijui nimekukosea nini. Kama ni aibu, sema ni aibu. Mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi sina ngozi ya chuma. Mama yako anauliza kwa nini huandiki, namwambia posta.

Gladys


Eldoret
26 Oktoba 2025

Wifi yangu Gladys,

Hujanikosea. Mama mwambie posta, hivyohivyo. Mimi mzima kwa macho ya watu.

Sikumpigia Mchungaji kwa sababu hii. Tangu mwaka jana nami naburuta maneno. Si baridi, si koo. Nikimpigia Mchungaji kumwambia kaka yangu si mlevi, atasikia sauti ya mlevi mwingine wa nyumba ileile.

Nitakuambia nilivyojua. Katika utafiti wetu tunahitaji watu wazima wa afya tuwalinganishe na wagonjwa. Watu walikuwa wachache, nikapanda ubao mwenyewe. Nikafumba macho. Mchoro uliotoka ulikuwa wa mtu anayeanguka. Profesa akasema ubao umeharibika. Ndipo tulipomngoja yule fundi. Alikuja, akafungua kila kitu, akasema mashine ni nzima kabisa. Profesa akafurahi, akaniambia nipande tena kuhakikisha. Nikasema nina shughuli. Nilikwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu peke yangu, wakachukua damu, wakaniambia.

Ni ugonjwa unaoilia polepole ile sehemu ya nyuma ya kichwa. Hauna dawa, Gladys. Nimeandika na kufuta sentensi hiyo, na sasa naiacha. Mazoezi yanamsaidia asivunjike, yanamsaidia kula na kuvaa kwa muda zaidi, msiyaache. Lakini hayatamrudisha. Uliniuliza kama anapona nikakujibu kwa maneno matamu. Tope lilikuwa limemshika miguu, kama zege linavyoshika nguzo. Nguzo haijui kusimama. Nilijua hivyo nikisoma barua yako, na nilitaka isiwe kweli kama ulivyotaka wewe.

Baba alitembea hivyohivyo. Hakunywa mnazi hata siku moja. Muulize mama.

La mwisho ndilo lililonizuia kuandika. Ugonjwa huu unakwenda kwa damu. Mtoto wa mwenye nao anaweza kuupata na anaweza kuukosa, nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Mildred yumo. Wadogo zake wamo. Hauonyeshi uso mpaka mtu awe mtu mzima mwenye watoto wake.

Nimeomba likizo Desemba. Nitakuja. Nitasimama kanisani kando ya kaka, nisimame kama ninavyosimama, niwaambie ni ugonjwa, na baba naye nimtoe kwenye lile jina. Natamani hilo kuliko shahada hii. Lakini nikilisema la kaka nimelisema la watoto wako, na siwezi kuamua hilo peke yangu. Semeni ninyi wawili. Nitafanya mtakalosema.

Wifi yako,
Maurine


Wema
7 Desemba 2025

Wifi yangu mpenzi,

Mama mkwe hajambo, anapepeta mchele ninapoandika. Galgalo amehama na ng'ombe kufuata majani, ametuachia mtungi wa samli. Wadogo zake Mildred wamefunga shule.

Nilikusudia kukukasirikia nikashindwa. Nililia kwa ajili yake, nikalia kwa ajili yako, nikawatazama watoto wanavyocheza kamba uani, nikashindwa hata kulia. Sasa nikimwona mmoja amejikwaa, naacha ninachofanya namtazama miguu. Watoto hujikwaa, wifi. Kila siku hujikwaa.

Elvis nilimsomea barua yako yote, sikuruka neno. Pale pa sarafu alinitaka nirudie. Nikarudia. Kisha akasema, "Nilijua kuhusu Maurine. Nilimsikia kwenye simu."

Wiki iliyofuata wakaja wazee wa Kilelengwani. Kwetu unajua, posa haipokelewi kabla pande zote mbili hazijaulizana habari za ukoo: kuna kifafa, kuna wazimu, kuna ukoma? Walikaa, wakanywa chai, wakasifu mchele. Kisha ami yake kijana, mtu mpole tu, akasema, "Msituchukulie vibaya. Tumesikia baba wa binti anayumba. Tunauliza tu, ni maradhi au ni kikombe?"

Nilikuwa mlangoni na sinia. Nikamtazama Elvis. Naapa sikujua atasema nini, na sikujua mimi mwenyewe nataka aseme nini.

"Ni kikombe," akasema.

Wifi, yule mzee alishusha pumzi. Alicheka kabisa, akampiga Elvis begani. "Basi kama ni kikombe tu! Hata kwetu wamo. Kikombe mtu huacha. Damu ndiyo haiachiki." Posa ikapokelewa palepale.

Tangu hapo Elvis anakwenda mangweni, pale chini ya njia panapouzwa mnazi. Anakwenda mchana kweupe watu wamwone. Nilimwambia neno lake lilitosha, akasema neno halitoshi, watu lazima waone kikombe mkononi. Wiki za kwanza alikuwa anaumwaga chini ya mkeka. Siku hizi haumwagi. Akianguka njiani wanamruka, na Mchungaji amekoma kuja nyumbani. Mildred hajui lolote. Anamwonea baba yake aibu, ameacha kumwandalia chakula mezani, na juzi aliniuliza kwa nini mimi mwanamke mwenye akili sijamwacha mlevi yule. Nikamwambia anyamaze akachote maji.

Mficha maradhi kilio kitamuumbua, najua, nimelisema hilo kwa watu wengine maisha yangu yote. Na yule kijana wa Kilelengwani ni mtoto mzuri, ana mama yake, na mama huyo ni mzazi kama mimi.

Mama mkwe nilimuuliza kuhusu baba, kama ulivyosema. Hakuacha kupepeta. "Hakuonja," akasema. Nikamuuliza mbona wote wanasema alikuwa mlevi. Akasema, "Mwanangu, nilikuwa na mtoto wa kuoza." Nikakaa chini pale kwenye makapi. Mtoto mwenyewe ni Elvis. Wazee wangu nao walikuja hapa mwaka ule, wakanywa chai, wakauliza, wakaambiwa kwamba marehemu alipenda kikombe. Walirudi nyumbani wakicheka. Nami nikachezewa ngoma ya harusi.

Ile ahadi yako ya Desemba tumeizungumza. Elvis anasema usije. Anasema mkipita njiani wawili, ndugu kwa ndugu, mnatanua miguu namna moja, hakuna mtu wa Kilelengwani atakayeamini tena habari ya kikombe. Harusi ni Januari. Tutasema kazi imekubana, profesa amekukatalia. Nitakutilia kanga ya sare kwenye basi, uivae siku hiyo ukiwa huko.

Nilikuwa na hamu ya kukuona, Maurine. Nilitaka nikushike nyuma, kama ulivyonifundisha, usianguke. Nakupenda kuliko dada zangu wa tumbo moja. Usije.

Gladys